Kuchagua plagi ya pikipiki iliyoongezwa nguvu

Wapo madereva wengi hapa Tabora wanaoamini kwamba plagi baridi ina cheche hafifu na kwamba plagi ya moto huongeza nguvu, na imani hiyo imeua pistoni nyingi. Majina hayo yanahusu jinsi plagi inavyopitisha joto la ncha yake kwenda kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda. Zishike mbili mkononi uzitazame: kauri nyeupe inayozunguka ncha ya kati ni ndefu kwenye plagi ya moto, hivyo joto huchelewa kutoka, na ni fupi kwenye plagi baridi.

Ncha inatakiwa kufanya kazi kati ya nyuzijoto 500 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo masizi hayaungui, nayo hujikusanya hadi cheche inapotea. Juu ya hapo ncha hugeuka kaa la moto, ikawasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla ya wakati wake. Injini iliyotanuliwa silinda na kuwekewa pistoni kubwa, au iliyosagwa hedi ili kuongeza mgandamizo, huzalisha joto ambalo plagi ya awali huenda isilimudu.

Soma kwanza namba iliyoandikwa kwenye plagi. Katika D8EA ya NGK, herufi D ni uzi wenye kipenyo cha milimita 12, 8 ni kiwango cha joto, na E ni uzi wenye urefu wa milimita 19, ambao haubadilishwi kamwe, kwa sababu uzi mrefu kupita kiasi unaweza kugongwa na pistoni. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Kwa hiyo kutoka D8EA nenda D9EA, hatua moja tu. Bodaboda inayoshinda kijiweni na kwenda safari fupi za mjini, ukiipandisha hatua mbili, itajaa masizi ndani ya siku chache.

Kabla ya kubadili plagi, sahihisha kabureta na taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche. Niliwahi kufunga plagi baridi kwenye pikipiki ya mizigo ya Urambo ambayo injini yake ilikuwa ikigonga mlimani, nikaridhika kwa kuwa kugonga kulipungua. Iliporudi, kauri ilikuwa nyeupe kama chokaa, na juu yake palikuwa na vitone vidogo mno vinavyong'aa kama vumbi la fedha: ilikuwa alumini ya pistoni. Jeti kuu, tundu la kabureta linalopitisha petroli, ilikuwa ile ya zamani, petroli haikutosha, na kosa lilikuwa langu.

Funga plagi mpya kwa mkono hadi ikae, kisha ongeza nusu mzunguko kwa spana. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, endesha kwa mzigo wa kawaida ukiwa umevuta mafuta hadi mwisho kwa kilomita mbili au tatu, kisha zima injini na kubana klachi kwa wakati mmoja, kwa sababu ukiiacha injini izunguke polepole bila kuvuta mafuta hadi usimame, rangi utakayoisoma ni ya mzunguko huo wa polepole. Kauri ya kahawia hafifu au kijivu inafaa. Nyeusi na kavu ni petroli nyingi au plagi baridi mno. Nyeupe yenye malengelenge ni hatari, usiendelee na safari.

Pikipiki iliyorekebishwa Tabora, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ikishushwa Kigoma ufukweni mwa ziwa, karibu mita 770, hukutana na hewa nzito zaidi ilhali jeti ni ileile, hivyo mchanganyiko hupungukiwa petroli. Fungua plagi na kuisoma upya huko huko Kigoma, kabla ya kupakia mzigo wa kurudi.