Somo: Mguu wa jongoo dume unavyogeuka kiungo cha uzazi

Wengi hudhani mguu hupinda kidogo kidogo hadi ukawa kiungo cha uzazi. Sivyo. Mguu hutoweka, panabaki kivimbe, kisha pale pale hutokeza kitu kipya kabisa, kinachoitwa gonopodi. Shika lenzi tufuatane. Hapa nasema hasa majongoo wa mviringo.

Hatua ya 1: jua pa kutazama. Mlaze jongoo chali taratibu, uhesabu pingili kuanzia nyuma ya kichwa. Ya kwanza haina miguu. Ya 2, ya 3 na ya 4 zina jozi moja moja. Kuanzia ya 5 ni jozi mbili mbili, kwa hiyo pingili ya 7 ndiyo yenye jozi ya 8 na ya 9. Ukikosea hesabu hapa, mengine yote yatakupotea. Baadaye nawa mikono, maana majimaji yake huwasha macho vibaya sana.

Hatua ya 2: anza na jongoo mchanga. Kwa kawaida huanza maisha na jozi 3 tu, na kila akijivua gamba huongeza pingili na miguu. Dume mchanga hutembelea jozi ya 8 na ya 9 kama miguu mingine.

Hatua ya 3: muache ajivue. Hujifukia kwenye kijichumba cha udongo, akatoka mweupe na laini. Usimguse wala usimwondolee gamba, kwani wengi hulila.

Hatua ya 4: hesabu upya. Siku moja utaona pengo kwenye pingili ya 7: mbele miguu, nyuma miguu, katikati vivimbe vidogo tu. Mimi napapenda hapa kuliko kwingine kote. Akijivua tena, hutokeza gonopodi zenye ndoano na vibamba, na kila spishi ina umbo lake. Wataalamu huzitegemea mno kutambua spishi.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mbegu hutokea kwenye gonopodi?

Marahaba. Hapana, matundu ya mbegu yako kwenye jozi ya 2 ya miguu. Dume hujikunja, gonopodi zikachukua mbegu huko, ndipo amwendee jike.

Nina majongoo bapa wawili wazima wenye pingili 20. Mmoja ana jozi 31, mwenzake 30. Huyu ana kilema?

Hana. Wa 31 ni jike, wa 30 ni dume. Kwa hao bapa ni jozi ya 8 peke yake inayogeuka.

Je, dume akishakomaa anaweza kurudi nyuma?

Baadhi ya spishi, ndiyo. Hujivua gamba, gonopodi zikanywea, akawa hawezi kupanda jike mpaka ajivue tena. Huitwa periodomofosi.

Wale wanaojiviringa kama kidonge nao ni pingili ya 7?

La. Hao watazame mkiani: hugeuka jozi za mwisho, na dume huzitumia kumshikilia jike.