Jinsi ya kuchimba historia ya kijiji kidogo cha Ufaransa ukiwa na simu na bando tu

Labda una shemeji Mfaransa, labda unasoma Kifaransa na mwalimu kakupa kazi ya kuelezea kijiji, au umevipenda tu vile vijiji vya mawe vinavyoonekana kwenye tivii baiskeli za Tour de France zikipita. Habari njema ni kwamba Wafaransa wameweka mtandaoni makaratasi yao ya karne na karne, na mengi ni bure kabisa. Tatizo watu wanakimbilia ukurasa wa utalii, wanasoma habari za mtakatifu na ngome, wanakopi, kazi imeisha. Mi nasema anza na maji na mteremko, uje kwenye makaratasi, hadithi iwe ya mwisho. Hapa natumia Conques, kijiji cha departimenti (kama mkoa) ya Aveyron, kusini mwa Ufaransa, ila njia ni ileile kwa kijiji chochote.

Kwanza hakikisha umeshika kijiji chenyewe. Ufaransa ina komuni, yani vijiji na miji yenye meya wake, karibu elfu 35 na majina yanajirudia balaa, Saint-Martin ziko kibao, kwa hiyo shika namba ya departimenti, ndo zile tarakimu mbili za mwanzo za postikodi, Aveyron ni 12. Departimenti zilianzishwa 1790 wakati wa Mapinduzi na nyingi zikapewa majina ya mito na milima, Aveyron nayo ni mto. Alafu cheki kama kijiji hakijaunganishwa na wenzake. Conques tangu tarehe 1 Januari 2016 iko pamoja na Grand-Vabre, Noailhac na Saint-Cyprien-sur-Dourdou, komuni inaitwa Conques-en-Rouergue, sasa wewe ukichukua idadi ya watu ya leo ukailinganisha na ya Conques ya zamani utasema kijiji kimejaa ghafla kumbe wapi, ni hesabu za vijiji vinne.

Ukimaliza hapo fungua cartes.gouv.fr, saiti ya ramani ya serikali iliyochukua nafasi ya Géoportail, uwashe ramani yenye kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko. Usisome jina lolote kwanza, fuata mto. Utaona Conques imeng'ang'ania mteremko unaopigwa jua, juu ya pale kijito cha Ouche kinapoingia mto Dourdou, na Dourdou nao unashuka kwenda kumwaga maji kwenye mto Lot pale Grand-Vabre. Kontua zimebanana mno, yani tambarare hamna, ndo maana nyumba zimepandana na mizabibu ya zamani ililimwa kwenye matuta. Jiwe la pale ni shisti, linapasuka kwa vipande bapa, na ndilo walilojengea kuta na kuezekea mapaa. Hapo hujasoma hata mstari mmoja wa historia lakini tayari unajua kwanini kijiji kina rangi ile ya kijivu.

Sasa ingia Remonter le temps, ni ya haohao wenye ramani za serikali, na hii mimi ndo naipenda kuliko zote. Inagawa skrini mara mbili, upande mmoja picha ya leo kutoka angani, upande mwingine picha ya miaka ya 1950 au ramani ya Cassini ya karne ya 18. Kwenye Cassini tafuta makanisa, na vinu vya maji vyenye alama ya kigurudumu, vinakuonyesha mto ulikuwa na kazi gani. Kwenye picha za 1950 angalia msitu. Vijiji vingi vya milimani utakuta miti imemeza mashamba yaliyokuwa wazi, maana waliokuwa wanalima hawapo tena.

Hawapo wamekwenda wapi? Hapo unahitaji idadi ya watu, na kuna saiti ya chuo cha EHESS inayobeba jina hilohilo la Cassini, unaandika komuni inakupa hesabu tangu 1793. Mara nyingi namba zinapanda mpaka karne ya 19 zinaanza kuporomoka, na usiishie kusema "watu walihamia mjini", tafuta mji wenyewe. Kwa Conques angalia Decazeville, mji wa makaa ya mawe na chuma uliozaliwa karne hiyohiyo na hauko mbali. Ongeza filoksera, kile kidudu kilichoanza kuangamiza mizabibu ya Ufaransa miaka ya 1860, na vita ya 1914 mpaka 1918.

Kama unatafuta ukoo, nenda saiti ya Archives départementales, hifadhi ya nyaraka, ya departimenti husika. Mapadri waliamriwa kuandika ubatizo tangu 1539, na kuanzia 1792 kazi ikahamia kwa meya. Usianze kusoma daftari moja moja utachoka, fungua kwanza tables décennales, ni orodha ya majina kwa kila miaka kumi. Ukikutana na miezi kama brumaire au floréal usishtuke, ni kalenda ya Mapinduzi iliyokoma mwisho wa 1805, kuna vigeuzi vya bure mtandaoni. Rekodi za kuzaliwa za chini ya miaka 75 zimefungwa. Humohumo kuna ramani za viwanja zilizoanza kwa sheria ya 1807, kila shamba na namba yake, na daftari la kukuambia lilikuwa la nani.

Hadithi sasa. Watawa wa Conques walikuwa na abasia lakini hawakuwa na mtakatifu wa kuvuta watu, kwa hiyo karne ya 9 mmoja wao akaenda mji wa Agen akaiba masalia ya Mtakatifu Foy. Wizi mtupu, na wenyewe walikuwa wanausimulia bila aibu! Mahujaji wa kwenda Santiago, Hispania, wakaanza kupita, pesa ikaja, ndo maana kijiji kidogo vile kina kanisa kubwa vile. Juu ya mlango kuna Hukumu ya Mwisho yenye watu 124 wa kuchonga, motoni yumo mpaka mtengeneza sarafu feki. Ukikuza picha utaona pembeni vichwa vidogo vinachungulia kutoka nyuma ya ukingo wa jiwe, vidole vimeushika, kama majirani wanaosikiliza ugomvi usiowahusu. Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kihistoria wa serikali, alifika 1837 na kulipigania kanisa lisianguke, na hifadhidata ya majengo ya kihistoria utakayoitumia inaitwa Mérimée, ipo kwenye POP, saiti ya wizara ya utamaduni. Vioo vya madirisha ni vya mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez hukohuko Aveyron, vilizinduliwa 1994.

Ukipata nafasi ya kufika kijiji chenyewe, anzia kwenye mnara wa waliokufa vitani, karibu kila komuni inao. Hesabu majina ya ukoo yanayojirudia, kisha yatafute kwenye saiti ya Mémoire des hommes, kila askari wa 1914 mpaka 1918 aliyetambuliwa kuwa alikufa kwa ajili ya Ufaransa ana kadi yake. Swali likibaki nenda ofisi ya meya, ila piga simu kwanza maana vijijini wanafungua siku chache, na mchana kati ya saa sita na saa nane usijisumbue, wako mezani.