Supu ya Akiba: Kifuniko Kuzama Hakumaanishi Chupa ni Salama

Karoti na vitunguu vikishuka bei, wengi mnatengeneza supu ya akiba: mboga na mchuzi wake, bila maziwa, zikafungwa kwenye chupa kungojea miezi ya uhaba. Kupika mnajua. Kosa ni kuchemsha chupa kwenye sufuria ya maji kwa nusu saa, kuona kifuniko kimezama, kisha kuzipanga stoo. Chupa hiyo ni hatari kuliko ile iliyovuja.

Sababu iko udongoni. Karoti, vitunguu, saumu na viazi hutoka shambani na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hazifi kwa nyuzi 100. Nyanda za juu hata hizo 100 hamzifikii: kwenye mita 1,500 maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kifuniko kikizama, hewa imekwisha ndani, na bakteria huyu hustawi pasipo hewa wala uchachu. Sumu yake haina harufu ya kukuonya. Supu iliyooza angalau hunuka.

Mbegu hizo hufa kwa nyuzi 116 hadi 121, yaani kwa mvuke wenye presha. Kinachohitajika ni mtungi wa presha wa kusindikia, wenye geji, unaobeba angalau chupa nne za lita moja zikiwa zimesimama. Sufuria ndogo ya presha ya maharage haifai. Hupata moto na kupoa upesi mno, na muda tunaoutaja hapa haukupimwa kwayo.

Chemsha vipande vya mboga dakika 5, kisha jaza chupa za nusu lita: vipande viishie nusu ya chupa, juu yake mchuzi wa moto, ubakize sentimita 2.5 chini ya mdomo. Pima kwa rula, si kwa jicho. Mtungi uwe na maji ya kina cha sentimita 5 hadi 8. Ufunge, acha mvuke ufoke dakika 10 kamili, ndipo uzibe tundu. Geji ya mshale isome paundi 11 hadi mita 600 kutoka usawa wa bahari, 12 hadi mita 1,200, 13 hadi 1,800, na 14 hadi 2,400. Dakika 75 zinahesabiwa mshale ukishafika hapo, si tangu moto ulipowashwa! Mshale ukishuka chini ya kipimo, hata kama ni dakika ya 70, unaanza upya. Kwa hiyo hakikisheni gesi au mkaa unatosha kabla ya kuwasha, si katikati ya kazi. Ukimaliza, acha presha ishuke yenyewe. Ukimwagia mtungi maji baridi, mchuzi unafyonzwa nje ya chupa.

Tui la nazi, unga, karanga za kusaga, wali, tambi, boga lililopondwa: visiingie kwenye chupa kabisa. Uzito huzuia joto kufika katikati, na mshale wa geji hautakuambia. Tui linatiwa siku ya kula. Halipungukiwi na kitu.

Asiye na mtungi asindike nyanya peke yake. Rojo la nyanya lisilo na kitunguu, hoho wala mafuta, lililopungua theluthi moja, hutiwa mililita 20 za maji ya limau ya chupa ya dukani kwa kila nusu lita (limau la kukamua mwenyewe uchachu wake haupimiki). Chupa zifunikwe na maji kwa sentimita 2.5 na zichemke mfululizo dakika 40 pwani, 50 kwingine hadi mita 1,800, na 55 juu ya hapo. Karoti na vitunguu vikatwe vyembamba vikaushwe, au supu igandishwe kwenye friza.

Chupa zikipoa kwa saa 12 hadi 24, kifuniko kiwe kimezama na kisibonyee.

Zile za sufuria ambazo tayari ziko stoo msizionje, wala msiwape nguruwe au kuku. Zifukieni bila kuzifungua. Aliyekwisha kula akianza kuona vitu viwili viwili, kope zikilegea au akishindwa kumeza, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe alikula supu ya chupa.