Somo: Mgonjwa akikataa, utajuaje kama anaweza kujiamulia?

Somo hili limetokana na mama mmoja, muuza sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) hapa Bukavu, Kongo. Sukari ilikuwa imemharibu mguu, vidole viwili vyeusi. Daktari akasema ukatwe chini ya goti, mama akakataa. Watoto kwenye korido: "Amechanganyikiwa, tutatia saini sisi." Lakini angekubali, nani angeuliza kama akili zimo?

Kwanza, ondoa kinachomziba. Nilimpima sukari: 48, chini mno. Tukampa glukozi, na muda si mrefu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani! Angalia pia homa, oksijeni, na dawa za usingizi za jana. Mzee anayebabaika usiku, rudi kwake asubuhi. Akiwa huru zaidi kwa Mashi, lugha ya Washi wa hapa, tafuta anayeijua, ila asiwe yule mtoto anayetaka kutia saini.

Pili, pima mambo manne, kama daktari wa akili Appelbaum na mwanasaikolojia Grisso walivyoyapanga huko Marekani mwaka 1988.

Kuelewa. Usiulize "Umeelewa?", kila mtu atajibu "ndiyo, muganga". Sema: "Mama, dada yako akikuuliza tumesema nini, utamwambiaje?"

Kukubali kwamba jambo linamhusu yeye. Hapa ndipo tunapoteleza. Mtu anaweza kurudia kila neno huku akiamini ni habari za mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kupima faida na hasara, kwa sababu zake, si zako. Mama alisema: "Kadutu ni mlima na matope. Kwa mguu mmoja nitapanda na beseni kichwani?" Alijua anaweza kufa, akalitaja mwenyewe.

Kuchagua. Muulize tena baadaye. Akigeuka kila saa, usikimbilie kisu.

Andika kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa) maneno yake mwenyewe, na saa. "Kichwa kiko sawa" haitoshi. Tena ni kwa uamuzi huu tu, leo; kesho au kwa jambo lingine unapima upya.

MASWALI

— Mkubwa wetu, na mgonjwa wa akili?
Jina la ugonjwa si jibu. Pima yale yale manne. Wapo wanaosikia sauti na bado wanajua vizuri kwa nini hawataki sindano.

— Bwana yake akisema neno ni lake?
Mpe kiti, msikilize, usimwaibishe. Kisha mwombe atoke kidogo. Mimi husema nataka kufunga kidonda.

— Ameletwa hajitambui, damu inamwagika?
Hapo hakuna cha kupima. Okoa, huku mwenzako akitafuta ndugu na kuuliza kama aliwahi kukataa jambo fulani. Akizinduka, unaanza naye upya.

— Na yule mama, mguu ulikatwa?
Alikubali vidole, mguu akakataa. Vilikatwa viwili. Kidonda nakifunga kila baada ya siku mbili, na bado anaulizia bei ya sambaza.