Somo: Kutuma faksi kwa simu ya intaneti nyumbani bila kurasa kukatika

Faksi huongea kwa milio, na simu ya intaneti hukatakata milio hiyo kuwa paketi, mara nyingi za milisekunde 20 kila moja. Katika maongezi, paketi moja ikipotea sikio hujazia lenyewe. Faksi haijui kujazia: mstari unaharibika au simu inakatika.

Hatua ya 1: Waya. Chomeka waya wa simu kwenye tundu la faksi lililoandikwa LINE. La EXT ni la simu ya mezani, na wengi wanakwama hapo hapo. Ncha ya pili iende kwenye tundu la PHONE la adapta, kile kisanduku kinachounganisha simu na intaneti. Adapta iunganishe na ruta kwa kebo, Wi-Fi achana nayo.

Hatua ya 2: Adapta. Hapa ndipo penye kazi. Fungua ukurasa wa mipangilio utafute T.38, kiwango cha ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) cha mwaka 1998 kilichotungwa kwa ajili ya faksi kupita kwenye intaneti. Kama mtoa huduma wako anakikubali, kiwashe. Kama hakikubali, chagua kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, inayotumia kilobiti 64 kwa sekunde. Ikimbie G.729: inabana sauti hadi kilobiti 8, mtu anasikika vizuri lakini faksi haipiti. Ukibaki na G.711, zima pia kiondoa mwangwi na kile kipengele cha kukata ukimya.

Hatua ya 3: Mashine. Shusha kasi kutoka biti 33600 au 14400 kwa sekunde hadi 9600. Ikigoma, 4800. Kuhusu ECM, ile ya kurekebisha makosa, watu hubishana sana. Ikiwa imewashwa, mashine hurudia kila kipande kilichoharibika mpaka inakata tamaa. Ukiizima, ukurasa unafika hata kama una mistari miwili mitatu iliyoharibika. Barua za kawaida mimi naizima. Kwa hati yenye tarakimu naiacha imewashwa, maana 3 iliyoliwa kidogo si 3 tena.

Hatua ya 4: Jaribu ukurasa mmoja kwanza, kisha chapisha ripoti ya utumaji.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimefuata yote. Kurasa mbili zinapita, ya tatu inakufa.
Jibu: Yalinikuta hayo hayo kwa mkataba wa kurasa sita. Nilibadilisha kila kitu kwenye adapta, kumbe chumba cha pili kuna mtu anapakia video. Kwenye ruta ipe adapta kipaumbele. Zima na huduma ya simu ya kusubiri, ule mlio wake ukiingia katikati ya ukurasa unavuruga.

Swali: Namba ya kuongelea inaweza kupokea faksi pia?
Jibu: Inaweza. Mashine nyingi zinazopokea husikiliza mlio wa hezi 1100 wa faksi inayopiga, zikiusikia zinapokea zenyewe. Weka hali ya faksi na simu pamoja.

Swali: Si bora nipige picha nitume kwa baruapepe?
Jibu: Kama anayepokea anakubali, tuma hivyo hivyo. Somo hili ni la wale walioambiwa "tunataka faksi".

Swali: Nimeshuka hadi 4800, imepita! Ila inachukua muda.
Jibu: Sasa panda 7200 uone. Ikikataa, rudi ulipo na uiache hapo.