Mwajiri Anapoanza Kukuchunguza: Vyeti, Majina na Tarehe Zinazowakwamisha Waombaji Kazi

Umefaulu mahojiano, iwe ni kwenye sacco ya Kisumu, shamba la maua Naivasha au hospitali ya kibinafsi Kakamega. Kazi bado haijawa yako. Kati ya simu ya kukupongeza na siku ya kutia sahihi mkataba, mwajiri hupitia karatasi zako moja baada ya nyingine na kupiga simu kote ulikotaja kwenye wasifukazi. Wengi wanaokwama hapa hawajaiba wala kughushi chochote. Jina la kitambulisho halilingani na la cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), au tarehe waliyoandika haipatani na barua ya mwajiri wa zamani. Mambo haya hurekebishika, lakini marekebisho huchukua wiki kadhaa ilhali mwajiri hukupa siku chache. Ndiyo maana uchunguzi wa kwanza ufanywe na wewe mwenyewe, kabla hujatuma ombi.

Anza na majina

Tandaza mezani kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya KCPE (mtihani wa mwisho wa msingi) na KCSE, vya chuo, cheti cha PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), na namba zako za NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya ya umma). Soma majina herufi kwa herufi. Magharibi mwa Kenya na Nyanza tofauti hujirudia kwa namna zilezile: jina la ubatizo liko kwenye cheti cha shule lakini kitambulisho hakina; Achieng' lina ritifaa hapa na pale halina; Wekesa limegeuka Wekhesa; au mwanamke ameolewa na jina la mwisho limebadilika katika karatasi nusu tu.

Tofauti ya tahajia au ya mpangilio wa majina hutatuliwa kwa hati ya kiapo. Unaiapa mbele ya kamishna wa viapo, ukieleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kuambatisha nakala za vyeti husika. Ukiwa umebadilisha jina kabisa, kiapo hakitoshi: wakili huandaa hati ya kubadilisha jina, ikasajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kosa lililofanyika wakati wa kusajiliwa mtihani, au cheti kilichopotea, hushughulikiwa na KNEC, baraza la mitihani, kupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao QMIS. Kwa cheti kilichopotea, piga ripoti polisi kwanza, maana bila karatasi ya polisi ombi halisongi.

Usimwache mhudumu wa saiba akufungulie akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) au iTax (ya ushuru) kwa barua pepe na namba yake ya simu. Miezi sita baadaye utahitaji kuingia, nenosiri limesahaulika, na ujumbe wa kulibadilisha unaenda kwa mtu ambaye hata hayuko tena pale dukani. Tumia barua pepe yako, namba yako, na uandike nenosiri mahali salama.

Vyeti vitano, na wakati wa kudaiwa

Kwa nafasi za serikali, zikiwemo za kaunti, waombaji wameshazoea kuitishwa vyeti vitano vinavyohusishwa na Sura ya Sita ya Katiba: cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai), KRA, HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo), EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na cha shirika la kumbukumbu za mikopo, yaani CRB. Kwa miaka mingi watu walitafuta vyote, vingine kwa malipo, ili watume maombi tu, wakakosa kazi na pesa zikaenda. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa kwa kuongezwa kifungu cha 9A: mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti hivi ila anapokusudia kuandikiana nawe mkataba wa kazi. Kifungu hichohicho kinamruhusu aondoe nafasi aliyokupa ukishindwa kutimiza masharti. Kwa hiyo huna lazima ya kulipia mapema, ila hakikisha njia ni nyeupe ili vyeti vitoke haraka ukiitwa.

Cheti cha DCI cha kuonyesha kama una rekodi ya uhalifu, maarufu kama cheti cha maadili mema, ndicho huchelewesha watu kuliko vyote. Unakiomba kwenye eCitizen chini ya huduma za DCI, na ada ni shilingi 1,050. Chapisha fomu C24 pande zote mbili za karatasi moja ya A4. Ukiichapisha kwenye karatasi mbili utarudishwa. Chapisha pia nakala mbili za invoisi, kisha ubebe kitambulisho halisi na nakala yake hadi Huduma Centre inayochukua alama za vidole. Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma, Busia na Eldoret zote zina Huduma Centre, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri Nairobi. Fika asubuhi mapema, kwa sababu foleni ya vidole ni ya wino na mikono na haikimbizwi.

Vidole vyenyewe hukataa. Anayekata miwa, anayevuta nyavu, anayechuma majani chai au kuchanganya saruji huwa mistari ya vidole imelika, na alama zikitoka hafifu ombi linaweza kurudishwa uanze foleni upya. Siku nne au tano kabla ya kwenda, jipake mafuta ya kulainisha mikono usiku na upumzishe kazi nzito ikiwezekana. Asubuhi ya siku yenyewe nawa kwa sabuni na uende na mikono mikavu isiyo na mafuta. Cheti kikiwa tayari unakipakua kwenye eCitizen. Tenga wiki mbili hadi tatu, na umwambie mwajiri tarehe uliyochukuliwa alama. Wengi hukubali kusubiri wakiona invoisi iliyogongwa muhuri.

Kama uliwahi kushtakiwa na kesi ikaondolewa au ukaachiliwa huru, usidhani kumbukumbu ilijifuta. Tafuta nakala ya uamuzi iliyothibitishwa katika korti iliyosikiza kesi na uiwasilishe DCI. Fanya hivi kabla ya kuomba kazi, si baada ya cheti kutoka kibaya.

Cheti cha KRA cha ulipaji ushuru hakina ada. Unakiomba kwenye iTax na hutumika miezi 12. Kinachokizuia ni taarifa za mapato zisizowasilishwa. Aliyemaliza chuo na hajawahi kuajiriwa bado anatakiwa kuwasilisha taarifa ya sufuri kila mwaka kabla ya Juni 30 kutwa, mradi ana PIN. Faini ya mtu binafsi kuchelewa huanzia shilingi 2,000 kwa kila mwaka, kwa hiyo miaka mitatu ya kusahau ni angalau shilingi 6,000 za kulipa au kuombea msamaha.

HELB na EACC hazisumbui sana. Uliyekopa HELB, lipa kidogo kila mwezi hata kabla ya kazi na uombe cheti kupitia akaunti yako. Ambaye hakuwahi kukopa pia huomba cheti kinachosema hivyo. EACC hutaka fomu ya kujitangaza iliyojazwa kikamilifu, nao wana ofisi Kisumu, Nakuru na Eldoret. Nafasi tupu kwenye fomu hiyo ndizo huirudisha.

CRB iangalie mwenyewe kwanza. Mashirika yaliyo na leseni ya Benki Kuu ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Benki na sacco hutilia jambo hili uzito mkubwa kwa sababu utashika pesa za watu. Mikopo ya simu ndiyo huwaangusha vijana, ingawa tangu Aprili 2020 deni la chini ya shilingi 1,000 halipaswi kukuingiza kwenye orodha hasi. Ukilipa deni la zamani, dai barua ya kumaliza deni kutoka kwa mkopeshaji na uhakikishe amewajulisha CRB, kwani historia ya kutolipa hubaki kwenye ripoti miaka mitano tangu ulipomaliza. Hapo jieleze kabla hujaulizwa: deni lilitokana na nini, na lililipwa lini.

Masomo na kazi za zamani

Mwajiri makini haamini nakala. Huandikia KNEC, chuo chako na bodi ya taaluma yako: TSC kwa walimu, Baraza la Wauguzi kwa wauguzi, NTSA kwa madereva. Hali imekaza tangu Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma iliporipoti vyeti ghushi 2,067 miongoni mwa takriban watumishi 28,000 waliokaguliwa. Ukiwa umesomea Uganda, kama wengi wa Busia na Malaba, cheti chako kitahitaji kutambuliwa na kulinganishwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za kitaaluma, na hilo si jambo la wiki moja.

Tarehe za kazi ndizo hoja kubwa zaidi. Ukiandika kwamba ulifanya kazi Januari 2020 hadi Desemba 2022, na barua inasema Machi 2020 hadi Septemba 2022, mpokeaji simu wa kule kwa mwajiri wa zamani atasoma faili tu, na wewe utaonekana mwongo kwa miezi mitano. Nakili tarehe kutoka kwenye barua, kamwe usizitoe kichwani. Kipindi ulichokaa nyumbani usikifiche, kitaje: ulilea mtoto, uliuguza mzazi, ulilima.

Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimisha mwajiri kukupa cheti cha utumishi ukiwa umefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi: jina lake na lako, siku ulipoanza, aina na mahali pa kazi, na siku ulipoacha. Hakimlazimishi kukusifu. Kwa hiyo mkiachana vibaya bado una haki ya cheti, na hicho ndicho cha kudai badala ya kugombania barua ya sifa.

Warejelewa wako, yaani watu unaowataja ili mwajiri awapigie simu kukuhusu, waombe ruhusa kabla ya kuandika namba zao, na uwapigie tena ukishaitwa mahojiano. Waambie ni kampuni gani itapiga, na kwa nafasi gani. Mrejelewa asiyeshika simu siku tatu mfululizo amekukosesha kazi bila kusema neno baya.

Mipaka ya mwajiri

Vipimo vya afya vinavyohusu kazi yenyewe, kama vya wapishi na wanaoshika chakula, ni halali. Kukulazimisha kupimwa virusi vya ukimwi ili uajiriwe kumekatazwa na sheria ya HIV ya 2006, na Sheria ya Ajira hairuhusu ubaguzi kwa sababu ya ujauzito. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje, kuziona, na kudai makosa yarekebishwe. Ukinyimwa nafasi kwa sababu ya ripoti, andika barua pepe fupi uombe kuelezwa ni taarifa gani na ilitoka wapi. Mara nyingine taarifa ni ya mtu mwenye jina kama lako. Usipojibiwa, lalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye hupaswa kumaliza uchunguzi katika siku 90.

Yeyote anayekutumia namba ya simu ya mtu binafsi ulipie "uchunguzi" ndipo upewe kazi ni tapeli. Ada za serikali hulipwa kwenye eCitizen, paybill 222222, na gharama ya mwajiri kukuchunguza ni ya mwajiri. Ukiombwa hivyo, hifadhi ujumbe na namba, usitume nakala ya kitambulisho, na upige ripoti kituo cha polisi kilicho karibu.