Kabla Hujajaza Fomu ya Kiingereza, Panga Majina Yako

Anza na pasipoti. Fungua ukurasa wa picha, tazama palipoandikwa Surname, yaani ukoo, pana jina gani na Given names, yaani majina yako mengine, pana yapi. Hivyo hivyo ndivyo utakavyojaza chuoni, benki, kazini na kwenye tiketi. Jina ulilozoea kuitwa mtaani liache mtaani.

Waingereza hutanguliza jina la mtu, kisha la kati kama lipo, mwisho la ukoo. Kwenye orodha na rejista wanageuza: "Brown, Gordon". Ukiona mkato hapo, ujue ukoo umetangulia.

Sasa sikiliza hili vizuri. Fomu nyingi za kule zinaanza na kisanduku cha ukoo, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Mdogo wangu alipata kazi kwenye mgahawa mmoja Uingereza. Tangu darasa la kwanza anaandika jina lake, la baba, la babu, basi kisanduku cha juu akaweka lake na la babu akalishusha chini. Benki nayo ilishamfungulia akaunti kwa kufuata pasipoti. Mwisho wa mwezi bosi anatuma mshahara, simu inamletea onyo kwamba jina halilingani na akaunti. Benki za kule zilianza kukagua jina la mpokeaji mwaka 2020, na bosi yule akaogopa, akasitisha malipo. Mwenye nyumba hakutaka habari za visanduku, alitaka kodi yake. Ikabidi ndugu tuchange huku nyumbani tumtumie kijana aliyekwenda kufanya kazi! Na kupata mshahara hakukumaliza shughuli, maana majina yaliyogeuzwa yalishafika ofisi ya kodi ya mapato, nako akaanza barua upya, na nakala ya pasipoti juu yake. Soma kisanduku kabla hujaandika herufi hata moja.

Unasafiri na mtoto? Kwetu baba ni Juma Salum, binti ni Asha Juma. Afisa wa mpakani Uingereza anaona koo mbili tofauti, na ana haki ya kuuliza huyu ni nani wako. Beba cheti cha kuzaliwa, kikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kuitana: Mr na Mrs huenda na ukoo. Sir, kile cheo cha heshima cha Uingereza, huenda na jina la kwanza, ndiyo maana ni Sir Alex, kamwe si Sir Ferguson. Usikisie ukoo kwa masikio pia. Reece James wa Chelsea, ukoo wake ni James. Trent Alexander-Arnold, ukoo ni yote mawili yenye kistari. Na Gordon Brown, waziri mkuu wa Uingereza 2007 hadi 2010, jina lake la kwanza ni James. Kwa hiyo barua rasmi muulize mwenyewe kwanza.

Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti alishughulikie kabla ya kukata tiketi. Novemba 2022 Falme za Kiarabu zilitangaza kutowapokea wageni wa namna hiyo kwa viza ya matembezi. Marekani watakuandikia FNU, yaani First Name Unknown (jina la kwanza halijulikani), mahali pa jina la kwanza, na herufi hizo zitakufuata mpaka kwenye leseni ya udereva.